Akaivu ya Njaa

Kutoka Kyuso, Yakub alikuwa amelipia gunia lake la ndengu kiti kizima cha basi. Mbele yake mama aliyeitwa Kathini alipakata katoni ya kanda za redio.

"Ni akaivu ya kanisa letu," mama alisema.

"Akaivu ni ya serikali, mama. Hiyo ni stoo tu."

"Stoo unaweka kitu unasahau. Akaivu, mtu akiuliza anajibiwa."

"Haya, nitafutie kanda ya mwaka wa themanini na nne," Yakub akamjaribu.

"Hatupangi kwa miaka, tunapanga kwa njaa." Akachomoa kanda bila kupekua. "Njaa hiyo tuliiita Nikw'a Ngwete, nafa nikiwa nazo. Watu walikufa wameshika pesa, chakula hakuna. Humu waliopona wanaeleza wenyewe."

Yakub alizaliwa wakati wa njaa hiyo, na mamake hakuwahi kuitaja.

"Bado ni stoo," alisema basi liliposimama Mwingi. Gunia alimwachia konda. Katoni ya Kathini akamshushia mwenyewe, kwa mikono miwili.