Mama Duara na Kishale cha Valvu ya Mvuke

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha maziwa, fundi mkuu wa vipimo anastaafu. Jina lililo kwenye faili lake wanalijua watu wa utumishi. Sisi wengine tunamwita Mama Duara.

Alianza kwa kusafisha geji, akapanda hadi kuwa mkaguzi wa michoro yote ya mitambo. Kila mgeni wa karakana alipewa somo lile lile siku ya kwanza. Duara kwenye mchoro ni kifaa cha kupimia. Likikatwa na mstari katikati, kipimo kinasomwa chumba cha udhibiti, umekaa zako kwenye kiti. Lisipokuwa na mstari, kifaa kiko huko huko kwenye bomba, kwa hiyo vaa buti uende. Mumewe anakiri kwamba hata nyumbani mambo ni hayo hayo: orodha ya kazi kwenye mlango wa jikoni imejaa maduara matupu, na watoto wanajua fika kwamba hakuna kuulizia ukiwa kwenye kochi.

Miaka kumi na minane iliyopita tulifunga mtambo mpya wa kuchemshia maziwa. Valvu yake ya mvuke huendeshwa kwa hewa, na kishale kidogo kando ya alama yake huonyesha itafanya nini hewa ikikatika. Kikitazama chini, inajifunga. Kikitazama juu, inafunguka. Ya mvuke lazima ijifunge. Mchoraji mpya, ambaye bado alikuwa kwenye kipindi cha majaribio, alikichora kikitazama juu. Mama Duara alikagua, kikampita, akatia sahihi. Mafundi wakafunga valvu kama mchoro ulivyosema.

Asubuhi ya uzinduzi, wakubwa wakiwa wameshavaa kofia ngumu, alikataza mvuke usifunguliwe mpaka atembee na mchoro bomba kwa bomba. Alipofika kwenye valvu ile aliomba hewa ikatwe. Valvu ikafunguka yote. Wenzetu wanne walikuwa wamesimama mbele ya valvu hiyo. Mvuke ungekuwepo, ungejaa mtamboni bila kizuizi, upasue maungio na kuwaunguza wote.

Meneja alifura, akataka aliyechora aondoke siku hiyo hiyo. Mama Duara alimjibu kwa upole: "Sahihi ni yangu. Kama kuna wa kuondoka, anza na mimi."

Meneja akanywea. Valvu ilibadilishwa, mtambo ukawashwa siku mbili baadaye, na mchoraji akatembezwa kila bomba la kiwanda kwa mwezi mzima, Mama Duara nyuma yake akimhoji.

Jina la mchoraji yule hakulitaja kwa yeyote, hata kwa utani. Basi nalitaja mimi: ni langu. Kuanzia tarehe mosi Julai nitatia sahihi mahali pake.

Asante, Mama. Kapumzike, ulale mpaka jua lichomoze, na maisha yakuendee vyema wewe na wote wa nyumbani kwako. Mabomba nitayatembea mwenyewe.