Soko Lisiloingia Cherehani

Benchi la kijiweni lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali. Mama Buli alikuwa akimimina kahawa. Kando yake Fundi Pindo alikuwa akipangusa cherehani yake, maana kuanzia kesho kila aliyefanya kazi kando ya barabara alitakiwa kuhamia soko jipya la manispaa. Digrii, mwenye shahada ya uchumi na kazi hana, alikaa pembeni amenuna kama kawaida yake.

— Nimekwenda kupima kizimba changu huko sokoni, Fundi alisema taratibu. Meza ya cherehani ikiingia, mimi nabaki nje. Nikiingia mimi, meza inabaki nje.

— Basi kaa nje, upitishe mikono dirishani, alisema Spana, fundi wa pikipiki.

— Dirisha lenyewe liko wapi, mjomba?

Digrii akacheka kwa uchungu.

— Mnawalaumu bure watu wa manispaa. Mkurugenzi anapimwa kwa wingi wa vizimba. Vikiwa vingi, anapanda cheo. Nani amuulize kama mtu anaenea? Incentives, my people!

— Kwa lugha ya binadamu, msomi, Mama Buli alisema.

— Wewe mama, wakikusifia wingi wa vikombe, si utatunywesha kahawa kwenye vizibo vya soda?

— Nyie mngekunywa tu, kwa mkopo.

— Mwakani wanajenga stendi, Spana alidakia. Maegesho kibao, basi haligeuki. Litaingia kinyumenyume na kulala humo humo.

— Na hospitali ya vitanda vya kukalia, Mama Buli akaongeza. Mgonjwa akitaka kunyoosha miguu, apewe rufaa!

Benchi zima likaangua kicheko. Fundi hakucheka. Mkono wake ulikuwa ukirudia kupangusa palepale palipokwisha kung'aa. Digrii alikuwa na nadharia nyingine, kali kuliko zote. Alipouona ule mkono, akaimeza.

Hapo akafika dada mmoja, jasho linamtoka.

— Shikamoo, Fundi. Sare ya mwanangu tayari?

— Marahaba, mwanangu. Bado pindo. Njoo kesho.

— Sawa. Kesho nikufuate wapi?

Fundi akamtazama Spana. Spana akakitazama kikombe chake. Wote wakamgeukia Digrii, mwenye jibu la kila kitu. Digrii akainuka, akampisha dada benchini.

— Kaa hapa, dada, Fundi alisema, akivuta kigoda chake mbele ya cherehani. Nakumalizia sasa hivi.

Digrii akachuchumaa upande wa pili wa cherehani, akaushika upindo wa sketi ya sare usiguse vumbi.