Kelele za Kocha

Timu ya kikapu cha watatu kwa watatu ilikuwa imebaki bila mchezaji wa akiba, na fainali ya michezo ya mataifa ya Baltiki ni saa nane mchana.

“Kosa langu,” kocha Skaidrīte alimwambia mzee aliyeketi naye kwenye tramu ya Riga. “Katika mchezo wetu kocha hukaa na watazamaji, haruhusiwi kuelekeza. Jana nikapiga kelele, ‘Ilvija, ruka!’ Akageuka kunitazama, akatua vibaya, akateguka mguu.”

“Mke wangu asingemaliza hata siku moja kwenye kazi hiyo ya kukaa kimya.”

“Cheka tu, mzee wangu. Waliobaki wamenihamishia safu ya nyuma kabisa. Wanasema watajipanga wenyewe.”

“Basi wameiva, mwanangu.”

“Au wamenichoka.”

Tramu ikasimama uwanjani. Skaidrīte akashuka haraka, karibu akimbie. Kelele ile ilikuwa imemgharimu kifundo kimoja cha mguu, mchezaji mmoja kati ya wanne, na kiti chake cha mbele.