Nyumba ya Usiku Mmoja

Ndani ya tuktuk iliyotoka Mamboleo, Mama Turfosa aliketi katikati ya wanaume wawili wasiojuana. Akajifanya anasinzia, maana anayesinzia husikia vizuri zaidi.

"Ndugu yangu amefia Nakuru kabla ya kujenga nyumbani," Obonyo alikuwa akisema, karatasi ya ramani ya nyumba imekunjwa mapajani. "Mwili unafika Ijumaa, na kwa mila yetu hauingii boma kama nyumba yake ya kulala usiku mmoja kabla ya mazishi haijasimama. Lakini siku hizi boma letu limemezwa na mji. Askari wa manispaa wamekataza hata shimo la nguzo mpaka ramani ipitishwe."

"Si uwapelekee ramani?" akauliza Njenga, muuza vipuri.

"Nilipeleka! Afisa akauliza choo kiko wapi."

"Na marehemu atalala humo usiku mmoja tu!"

"Ndivyo nilivyomwambia. Akajibu kwamba usiku mmoja unatosha kwenda choo."

Mama Turfosa akauma leso asicheke.

"Basi nimechora choo. Sasa anataka sahihi ya mwenye nyumba."

"Mzikeni tu bila nyumba, bwana."

"Azunguke nje na mvua hii kama mbuzi wa sokoni? Atatuandama sisi, si wewe!"

"Kwetu wafu hawaandami mtu."

"Kwenu wana nyumba!"

Tuktuk ikasimama mbele ya ofisi. Obonyo akashuka, kisha akainama dirishani. "Mama, umesikia yote, usijifanye. Huyu afisa nimwambie nini?"

Mama Turfosa akafungua jicho moja.

"Mwambie aje Ijumaa na kalamu yake, amngoje mwenye nyumba langoni."