Mnazi wa Jana

Tuktuk ilipotoka Watamu, dada mmoja, Emily, alitueleza kwamba yeye huonja bia za viwanda vidogo na kuzipa alama mtandaoni. Hakuna aliyemuuliza. Kisha akamwomba mzee aliyepakata dumu la mnazi amwonjeshe. Kama ilivyo ada, mzee alitangulia kunywa yeye, ndipo akampa kifuu. Emily akasukutua, akatema nje. "Umechacha, mzee. Huu ni wa jana. Nne kwa kumi."

Mzee alifunga dumu taratibu. "Ni wa jana, kweli. Aliyeugema aliuteremsha, akakwea mti wa pili, akaanguka. Nampelekea mamake."

Mimi nilitazama njia.

"Pole," Emily akasema. "Lakini umechacha."

Tuktuk ikasimama Dabaso, penye turubai la matanga. Mzee akamsogezea dumu. "Shuka, mwanangu, ukamwambie mwenyewe."