Amadeu Climent, Mchonga Sanamu za Kuchomwa Moto

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosimama mpaka barabarani kwa sababu viti vimekwisha, mimi ni Eliseu, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa tangu jana kichwa changu hakiko sawa, kwa hiyo nikichanganya mambo mnivumilie, na binti yake, Neus, amekaa hapa mbele makusudi kunisahihisha tarehe.

Marehemu Amadeu Climent Alapont alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1958 mjini Algemesí, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Bwana Salvador Climent, mchuma machungwa, na Bibi Empar Alapont, mshona mashati, na huyo wa pili ndiye mimi.

Alisoma shule ya msingi palepale Algemesí, kisha akasomea uchongaji katika chuo cha sanaa hapa Valencia kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, akamaliza wa kwanza darasani kwa sanamu ya jiwe ambayo walimu waliizunguka, wakasema huyu atafika Madrid, atafika mbali, naye akafika nyuma ya reli, akapanga banda, akaanza kutengeneza sanamu za sikukuu ya Mtakatifu Yosefu ya kila Machi, zile za kusimamishwa njia panda siku chache, watu wacheke, kisha zichomwe. Mama aliposikia alishika kiuno, akamwambia, "Mwanangu, miaka yote hiyo ya chuo ndiyo uje kututengenezea kuni?" naye akajibu, "Kuni zenye sura, mama."

Kazi hiyo aliifanya kuanzia mwaka 1984 mpaka Machi mwaka jana, mbao kwa ndani, karatasi na gundi kwa nje, na miaka hii ya karibuni lile povu gumu jeupe ambalo alilitukana kila asubuhi na bado akalitumia. Sanamu za shaba alitengeneza chache, ziko kwenye viwanja ambavyo wengi wenu mnapita, lakini yeye akipita hata shingo hageuzi, alisema sanamu isiyoungua haina adabu, haijui kuaga.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na shemeji yangu Remei Tortajada, na mwaka uliofuata, tarehe 2 Mei, wakajaliwa Neus. Machi ya mwaka huo huo, Remei akiwa na tumbo la miezi saba, marehemu alimweka njia panda, sanamu yenye tumbo kubwa na nyundo mkononi, inamkimbiza mumewe juu ya paa, mtaa mzima ukacheka mpaka machozi, Remei mwenyewe akiwa wa kwanza, na usiku wa Mtakatifu Yosefu wakasimama wameshikana mikono wakaitazama inaungua.

Hivyo ndivyo alivyotupenda, au ndivyo nilivyodhani. Baba yetu alitengenezwa jogoo anayehesabu machungwa, mama akatengenezwa anampiga meya kwa upawa, padri wetu akawekwa amesinzia juu ya kengele, akaja na dada zake wote kujipiga picha. Kwetu mtu akikuchekesha njia panda amekuheshimu, na asiyekuweka ni kama hakujui. Sasa mimi, ndugu zangu, hakuniweka hata mara moja. Kila mwaka nilizunguka sanamu yake mbele na nyuma nikitafuta pua yangu, na majirani walijua, wakawa wananiita kwa sauti, "Vipi Eliseu, mwaka huu pia umesahaulika?" nami najibu nina bahati, moto unanikwepa, huku moyoni naumia, acha niseme ukweli, niliumia sana.

Siku moja ya mwaka 2009, tukiwa mezani Jumapili na wali wa sungura na maharage, nilimuuliza mbele ya watu wote, "Kaka, mimi nina kasoro gani?" Akachota wali, akasema, "Wewe bado. Kula kwanza." Nikaondoka bila kumaliza sahani, nikakaa karibu mwaka mzima bila kumsemesha, mpaka mama alipougua akatulazimisha kupeana mikono, na jambo lile hatukuligusa tena.

Septemba mwaka 2023 alianza kukohoa, madaktari wakaona mapafu, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi bandani kwa ukaidi, na kuanzia Januari hii hakuinuka tena. Aliaga dunia nyumbani kwake juzi, Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Jana tulikwenda bandani kuchukua aproni yake tumvalishe, mimi, Remei, na Batiste aliyefanya naye kazi tangu mwanzo. Nyuma kabisa, chini ya blanketi, palikuwa na mtu amekaa kwenye kiti. Nikafunua. Alikuwa ni mimi. Mimi wa zamani, na nywele zangu nyeusi, leso shingoni, mdomo wazi nalalamika, kiatu kimoja kimefungwa kamba na kingine hakijafungwa, pua ndiyo yangu kabisa. Remei akasema, "Shemeji, kumbe ulikuwa hujui?" Batiste naye akasema, "Kila Machi tunakupakia kwenye lori, tukifika mlangoni anasema mshusheni. Nilimuuliza sababu, akaniambia, huyu sitaweza kusimama nikamwangalia anaungua."

Jamani, nifanye nini na maneno hayo? Alimchoma mama yetu mzazi, akamchoma mkewe, tena huku anakula karanga! Kwa nini mimi? Na kama alinipenda kiasi hicho, mpumbavu yule, kinywa alikuwa nacho cha kazi gani? Nimekasirika, nimelia, nimecheka, sijui nianze na lipi. Neus ananiambia, "Baba mdogo, iende makumbusho," majirani wanaomba isimame njia panda mwezi ujao, nami nawaomba msiniulize leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, maana mgonjwa mwenyewe alikuwa mbishi, majirani mlioleta supu mpaka vyungu vikatuchanganya ni vya nani, na wachongaji wenzake mlioacha kazi wiki hizi ambazo kila mmoja wenu anazidiwa.

Tukitoka hapa saa saba tunakwenda kwenye tanuri la kuchomea miili, pale makaburi ya jiji, kama alivyoagiza, kwa kuwa alisema aliyechoma kazi zake zote hawezi kuogopa zamu yake. Pale anatakiwa mtu mmoja wa familia asimame ndani mpaka mwisho, Remei hawezi, Neus hawezi, wameniomba mimi. Kaka, wewe ulishindwa kunitazama nikiungua nikiwa karatasi tupu, na mimi wananipa wewe mwenyewe nikutazame.

Pumzika kwa amani, Amadeu. Nitasimama.