Fimbo Ambayo Lucílio Hakumpa Mtu

Wasikilizaji wapendwa, kahawa yangu imepoa na sina hamu nayo. Lucílio Furtado ametutoka. Fundi wetu wa mabomba hapa Point Loma, miaka sabini na mitatu. Amefia baharini, mwendo wa siku nne kusini mwa San Diego, mbele ya bintiye Odília.

Miaka thelathini Lucílio alitafuta kitu kimoja: jodari wa ratili mia tatu. Wa mia mbili, wale tunaowaita ng'ombe, aliwapata saba. Wa mia tatu, hata mmoja. Na sheria yetu wavuvi mnaijua. Samaki akinasa, fimbo ya kuvulia ni yako mpaka mwisho. Mwingine akiigusa, hata kwa kidole, samaki huyo hahesabiwi kwa jina lako.

Mimi niliwahi kuzidiwa, nikampa baharia fimbo nipumzishe mgongo. Dakika mbili tu! Lucílio alinitania kwa hizo dakika mbili miaka kumi na mmoja. Hata kanisani: "Padri, hebu muulize huyu, samaki wake alivuliwa na nani?"

Mkewe, Bi Graciete, alimfinya. "Lucílio, nyamaza, watu wanasali!"

Wapi! Hakunyamaza.

Odília alinisimulia jana, mezani kwao, mkate mtamu wa mama yake uko mbele yetu na hakuna anayeukata. Jumanne, saa mbili asubuhi, jodari alimeza chambo cha baba yake. Wavuvi wote wakavuta mishipi yao, wakampisha. Lucílio akazunguka meli mara tatu akimfuata samaki wake. Saa nzima ikapita, kisha ya pili. Midomo ikaanza kumpauka.

"Baba, nipe nikupokee kidogo."

"Toka hapa! Unataka nichekwe kama yule wa redio?"

Watu wakaangua kicheko. Odília naye alicheka. Akaomba mara ya pili, akafukuzwa mara ya pili. Akarudi nyuma, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Ilipofika saa tano, Lucílio akageuka, akamtazama. "Shika, mwanangu."

Hakuna aliyecheka, wasikilizaji wapendwa. Miaka thelathini hakumpa mtu fimbo yake. Odília akaipokea, akamtupia baharia, akapiga magoti kando ya baba yake aliyeanguka. Nahodha na watu wake walimhangaikia baba yule hadi mikono ikawafa ganzi. Hakuamka.

Mabaharia walimtoa yule samaki. Jumapili, hapa gatini, akapandishwa kwenye mizani. Ratili mia tatu na kumi na saba. Umati wote ukapaza sauti: "Andika Lucílio! Andika Lucílio!" Hata mimi nilipiga kelele.

Odília akasema, "Msiandike. Fimbo niliishika mimi. Baba hakuwa mwongo."

Jana aliongeza neno moja, na halijaniacha nilale. "Nilimwomba mara mbili tu. Afadhali ningemnyang'anya."

Bi Graciete, Odília, poleni sana. Mungu awashike mkono. Odília, kosa si lako, binti. Yule wa redio ni mimi, na kicheko kile tulikilea sote.

Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mzee wenu anayeng'ang'ania jambo linalomzidi nguvu, msiombe mara mbili mkarudi nyuma.

Miaka kumi na mmoja niliona haya kwa zile dakika zangu mbili. Leo natamani Lucílio angekuwa nazo.